Nimeshindwa Kufungua Mlango Wangu Mwenyewe Ndani ya Gemu ya Mtu

Mlango ule ulikuwa wangu!

Sisemi ulifanana na wangu. Nasema wangu... wa chumba changu, orofa ya juu, nyumba ya ukoo, Mji wa Kale.

Rangi ya kijani iliyobanduka karibu na komeo. Stika ya paka niliyoibandika mwenyewe, sikio moja limechanika. Na chini, kando ya kizingiti, kandambili zangu za manjano! Moja ina msumari nilioutia baada ya kamba kung'oka.

Yote hayo yalikuwa ndani ya gemu. Gemu ya mtu nisiyemjua!

Na mimi niko laivu, watu mia tatu na ushei wananitazama.

Nikageuka kuutazama mlango wangu wa kweli. Maana yake kuna mtu amesimama mlangoni kwangu... amesimama pale mpaka akauona msumari wa kandambili. Nani huyo? Na ataka nini kwangu?

Ngojeni niwaeleze vizuri, msije mkasema Fadhiya amepagawa.

Kwa wasionijua, wazimu wangu ni kutafuta gemu mpya. Si zile za makampuni makubwa, zile zina matangazo yake. Mimi natafuta vijigemu vya mtu mmoja aliyejifungia chumbani, anatengeneza peke yake, hata jirani yake hana habari. Navifuma kabla havijatoka rasmi, navicheza laivu kila Jumamosi baada ya alasiri, nawaambia watu: hii ingojeeni, hii ipiteni mbali.

Nimewahi kuwagundulia gemu ya kufuga nyuki kutoka Ureno. Ya fundi saa kutoka Korea. Ya mzimu wa lifti kutoka Poland, ile iliyowatoa machozi.

Kwa hivyo najua gemu. Naomba hilo mliweke akilini, kwa sababu mtanicheka baadaye.

Linki nilitumiwa na Kiti wa Kibarani, mfuasi wangu tangu ukurasa una watu wanane, na saba kati yao ni jamaa zangu.

"Dada Fadhiya, hii imetoka jana. Watu wote wameshindwa kuufungua mlango. Hebu jaribu wewe."

Gemu yenyewe yaitwa Hodi. Mtengenezaji amejiita Mgeni. Hana picha, hana nchi, hana chochote. Chini ya jina kuna maneno haya tu:

"Mlango huu uko hapa mpaka Jumapili magharibi. Asipopita mtu, naifuta gemu yote, na sitatengeneza nyingine."

Nikacheka. Watu wa gemu wana vituko! Nikaifungua mbele ya watu wote... na mlango wangu huo, ukanitazama.

Basi nikajikaza, nikacheza.

Uko mbele ya mlango. Ukibonyeza kitufe, mkono unagonga na sauti ya chini inasema, "Hodi!" Basi. Nyuma yako ziko ngazi, lakini ni giza totoro na miguu haikubali kuzishuka. Hakuna funguo, hakuna dirisha, hakuna maelezo.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi! Hodi! Hodi! Hodi!"

Kimya.

Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Nikatafuta kitasa, nikatafuta tundu la funguo, nikajaribu kumgusa yule paka sikio. Wapi! Mlango umeninunia kama mkwe aliyekosewa harusini.

Komenti nazo zikaanza kunichoma.

"Fadhiya kashindwa na mlango wake mwenyewe!" Huyo ni Caroline.

"Dada, tazama mkobani, funguo si uliziacha huko?" Huyo ni Morgan.

"Piga teke!"

Gemu haina kitufe cha teke, wapenzi. Nilitafuta. Basi teke nikalipiga meza, na sahani yangu ya buluu ninayowekea waya za kuchajia ikaruka, waya zikatapakaa chumba kizima.

Hapo ndipo hasira ziliponipanda kichwani. Kuchunguzwa nimechunguzwa, halafu nafanywa mjinga nyumbani kwetu, mbele ya watu wangu!

"Sikilizeni," nikawaambia. "Hii si gemu. Huu ni upelelezi! Kuna mtu anavizia mlango wa mwanamke. Nendeni kwenye ukurasa wake mumripoti, nyote. Iondolewe leo leo!"

Wakaenda. Mnajijua nyinyi, mkitumwa kwenye shari hamchelewi.

Haikupita hata robo saa, Kiti akaandika: "Dada, ukurasa wake umeshawekwa onyo. Wakiendelea hivi itaondolewa."

"Vizuri!" nikasema. Roho yangu ilifurahi kabisa, siwafichi.

Sasa nikataka jina la mtu. Nikaanza kufikiri... ngazi zile hupandwa na nani?

Orofa ya kati haina mtu, wenyewe wako Muscat. Chini kabisa anakaa Mwanakuu na mamake. Mwanakuu ni dada yangu wa kunyonya: mamangu aliugua nikiwa mchanga, mamake akaninyonyesha mimi na mwanawe pamoja. Yeye kazi yake ni kuchora ramani za nyumba kwenye ofisi moja Ganjoni. Gemu na yeye wapi na wapi! Tena sikumbuki hata lini nilimuona mara ya mwisho.

Akabaki mmoja. Zein!

Zein ni fundi wa mtandao. Mwezi uliopita alikuja kuvuta waya, akawa anapiga picha na simu yake pale pale mlangoni. "Ni za kazi," akasema. Za kazi, eh?

Nikachukua simu na kumtumia ujumbe wa sauti, laivu, kila mtu anasikia.

"Zein, huna haya wewe! Mlango wangu umeutia kwenye gemu, watu dunia nzima waugonga! Ndiyo kazi uliyotumwa hiyo? Kwenu mwafundishwa kuvizia wanawake?"

Nikarudisha hedifoni masikioni, nikairudia gemu kwa hasira zangu zote. Hodi, hodi, hodi, hodi, mpaka meza inatikisika.

Mara nikaona komenti zimegeuka.

"Dada, kuna mtu anapiga hodi."

"Najua!" nikajibu. "Ndiyo gemu yenyewe hiyo, kwani mwaangalia nini?"

"Si kwenye gemu. Kwako!"

"Tunasikia kwenye maiki. Sauti ya mwanamume."

"Amepiga tena."

"Ya tatu hiyo... ameondoka."

Nikavua hedifoni mbio, nikafungua mlango. Hakuna mtu. Kandambili zangu tu, na hatua za mtu zinashuka.

Nikamfuata, nikamkuta kwenye ngazi za kati. Zein mwenyewe, amevaa kanzu ya kutoka msikitini, uso umemfura.

"Wakimbia nini?" nikamuuliza.

"Mimi nikimbie? Nimekuya unitukane uso kwa uso, si kwenye simu mbele ya watu. Mamangu amesikia ujumbe ule, Fadhiya. Mamangu!"

"Sasa mbona waenda zako?"

"Nimepiga hodi tatu, hukuitika."

"Si ungepiga tena!"

Akanitazama kama mtu niliyemtemea mate.

"Nipige ya nne? Mimi sikulelewa? Hodi ni tatu. Usipoitikiwa warudi ulikotoka, na moyo wako safi. Hata mtoto wa madrasa ajua hilo. Au hayo madude ya masikioni yamekutoa na adabu?"

Akatoa simu yake, akanionyesha zile picha. Waya. Pembe ya dari. Waya tena. Mlango haumo hata ukingo wake.

"Haya, nionyeshe huo mlango ninaouvizia."

Yeye akashuka zake, wala hakugeuka nyuma.

Nikapanda polepole. Aibu ilinijaa, lakini hata aibu yenyewe sikuipa nafasi, kwa sababu neno moja lilikuwa limenikwama.

Hodi ni tatu.

Nikakaa, nikaianza gemu upya.

Safari hii sikusimama mbele ya mlango kama askari wa kanjo aliyekuja kudai kodi. Nilisogea pembeni, tulivyofundishwa, ili mlango ukifunguliwa macho yasiingie ndani kabla ya mwenyewe.

"Hodi!"

Nikatoa mkono kwenye kibodi. Mwenye nyumba hupewa nafasi, pengine yuko kwenye sala, pengine anajitanda leso. Na katika kile kimya, kwa mara ya kwanza, nikasikia kitu. Nyuma ya mlango, kwa mbali, kuna mtu anacheka.

"Hodi!"

Nikangoja. Komenti zinapiga kelele: bonyeza, bonyeza!

"Hodi!"

Kimya... Na kidole kinaniwasha, wapenzi, wallahi kinaniwasha! Ya nne ilikuwa hapa hapa. Nikaukalia mkono wangu.

Mlango haukufunguka.

Zilizowaka ni taa za ngazi. Nyuma yangu!

Komenti zikapasuka. Watu wa kila nchi walikuwa wakigonga ule mlango tangu jana, kumbe gemu haiko nyuma ya mlango. Gemu iko mgongoni kwako, na huipati mpaka ukubali kuondoka.

Nikageuka, na ndipo nikaona kwamba mkono wangu wa kushoto, ndani ya gemu, ulikuwa umebeba sahani muda wote ule. Mkate wa sinia, umekatwa vipande, bado watoka moshi.

Nikashuka nao. Chini kuna chumba kidogo, meza, vikombe viwili, kompyuta. Ukiweka sahani mezani, kompyuta inawaka, na sauti inatoka...

"Wapenzi! Leo nimewagundulia kijana wa Poland, yuko peke yake, hakuna anayemjua, maskini!"

Sauti yangu. Mimi!

Maandishi yakatokea: "Siku nyingine."

Niko tena mlangoni. Sahani ina mahamri. Hodi tatu, na nyuma ya mlango mtu bado anacheka na wageni wake wa mbali. Kicheko changu hicho. Nikashuka.

"Siku nyingine." Viazi karai. Hodi tatu. Nikashuka.

"Siku nyingine." Safari hii mikono mitupu.

Nikapiga hodi zangu tatu, nikageuka, na kwenye ngazi yakaandikwa maneno ya mwisho:

"Sahani yangu ya buluu ilibaki kwako tangu mfungo. Ningeifuata, lakini sahani haidaiwi. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kuicheza gemu hii."

Nikainama sakafuni. Sahani ya buluu, ua jeupe katikati, ukingo umemeguka. Ile ile ninayowekea waya. Ilikuja na kaimati kwenye mfungo, nikala zote, na haikurudi. Sisi tumezaliwa tukijua kwamba sahani ya jirani hurudi, tena hairudi tupu!

Mwanakuu. Anayechora nyumba kwa kompyuta kutwa. Aliyejua kila ufa wa mlango wangu kwa sababu aliusimamia mara ngapi, mikononi amebeba chakula, na mimi humu ndani nimeziba masikio natafuta watu wasiojulikana na majirani zao!

Kisha nikakumbuka ripoti.

"Acheni!" nikapiga kelele. "Acheni kuripoti! Ziondoeni!"

"Dada," Kiti akaandika, "ripoti ikishatumwa hairudi."

"Basi nashuka! Nashuka kwa Mwanakuu sasa hivi!"

Sikuzima kitu. Nikazikanyaga waya, nikachukua sahani, nikakimbilia jikoni. Siwezi kuirudisha tupu, nitie nini? Nyumba nzima ilikuwa na nusu ndimu na pakiti ya tambi za dakika mbili. Nikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

Mwishowe nikazitia hedifoni zangu juu ya sahani. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho chenye thamani, na ndicho kilichoniponza.

Nikashuka ngazi zote. Nikasimama pembeni ya mlango wake.

"Hodi!"

Kimya.

Nikangoja. Nikasoma na sura ya Kulhuwallahu moja polepole.

"Hodi, Mwanakuu!"

Kimya. Viatu vyake viko pale. Yumo ndani!

Nikajiambia, ndiyo, nastahili. Yeye alirudishwa mara ngapi?

"Hodi..."

Hakuna.

Mlango wa uongo niliugonga mpaka kidole kikavimba. Huu wa kweli ulikuwa na haki yake, na ya nne sikuipiga. Nikaiweka sahani kizingitini, nikageuka. Nikapanda ngazi moja, machozi yananitoka. Nikapanda ya pili.

Komeo likalia nyuma yangu.

"N'nani huyo aendaye zake?"

Nikageuka. Mwanakuu, leso kiunoni, waya za masikioni zinamning'inia shingoni. Nyuma yake, mezani, kompyuta imewaka laivu yangu. Na kwenye laivu, mimi ndiyo kwanza nainuka kitini napiga kelele: "Nashuka kwa Mwanakuu sasa hivi!"

"Picha yako yachelewa kwangu, Fadhiya, mtandao wangu mzito," akasema. "Nimekusikia saa hii. Nikasema ngoja nikufungulie kabla hujafika."

Alikuwa ndani akinitazama mimi. Ameziba masikio, hasikii mlango!

Tukatazamana. Akaanza kucheka yeye, nami nikacheka huku nalia, makamasi na yote.

"Mbona hukunambia?" nikamuuliza. "Simu si iko?"

"Jambo kubwa halitumwi simu. Mtu huendewa. Na wewe ulisema kwenye ukurasa wako, watu wasikutumie gemu zao, utawatafuta mwenyewe. Nikakungoja unitafute."

"Na kujiita Mgeni? Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja!"

"Waniona lini, Fadhiya?"

Swali hilo... Lilinichoma mahali pake.

Akainama, akaiokota sahani, akazitazama zile hedifoni.

"Hiki ndicho chakula?"

"Sina kitu ndani."

"Najua. Harufu ya zile tambi zako yafika mpaka hapa kila siku. Haya ndoo ndani, mama apakua."

Tukaingia. Na tulipoifungua kompyuta yake kuangalia ukurasa wa gemu... umeondolewa. Ripoti zenu na zangu zilikuwa zimefanya kazi.

Nikapiga kofi paja langu. Mwanakuu akaifunga kompyuta. Kisha akasema, "Niliandika nitaifuta asipopita mtu. Umepita. Sasa irudishe wewe uliyeiondoa."

Nimewaandikia wenye tovuti ya gemu barua pepe za kuomba radhi mpaka nimejua kuomba radhi kwa lugha za watu. Kila nikieleza, wananijibu na maswali yale yale, kana kwamba naongea na ukuta. Jana jioni imerudi. Iko pale, yaitwa Hodi, na safari hii mtengenezaji ameandika jina lake lote.

Mimi sina mahubiri marefu. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Mimi nilikuwa mjenzi, tena mjenzi wa kujisifu, na miti nilikuwa naitafuta Poland na huku nimeukalia msitu. Kabla hujaenda kuwavumbua watu wa mbali, vua hayo masikioni usikilize mlango wako. Na kama iko sahani ya mtu kabatini kwako, irudishe leo, usiirudishe tupu.

Zein bado hajanisamehe. Leo nimekwenda kwao na sahani ya sambusa, nikasimama pembeni, nikapiga hodi tatu. Nilisikia watu wanaongea ndani, wakanyamaza.

Kesho nitarudi.